Bi Kanga Achagua Kobe wa Darasa

Paukwa!

Pakawa.

Aa, hapana. Hiyo ni pakawa ya nani, ya mtu anayeumwa jino? Na wewe baba uliyeegemea ukuta, usijifanye mkubwa, kwenye ngano hakuna mkubwa. Fungueni vinywa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa hadithi imekubali kuja.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walikuwa wanakwenda shule na binadamu hajajua hata shule ni kitu gani. Palikuwa na shule moja chini ya kilima cha mawe. Haikuwa na paa. Haikuwa na mlango. Kila darasa lilikuwa na mwamba wake wa kujikinga na upepo. Kila darasa lilikuwa na kichuguu chake cha kuandikia. Na kila darasa, tegeni masikio hapa, kila darasa lilikuwa na kobe wake.

Kobe wa nini? Wa kupendezesha? Alipendeza, ndiyo. Watoto walimletea majani, walimpangusa vumbi, walimwamkia asubuhi. Lakini kobe alikuwa na kazi. Kobe akitoa kichwa nje, mwalimu anafundisha. Kobe akiingiza kichwa gambani, fyu! Mwalimu ananyamaza. Chaki chini. Hakuna kusoma mpaka kobe atoke mwenyewe. Hakuna kumgonga, hakuna kumtikisa, hakuna kumchungulia. Ndiyo desturi ya shule ile. Darasa lenye fujo lilikaa bila somo mpaka jua linazama, na darasa tulivu lilisoma, likamaliza, likaenda kucheza. Wanyama hawakuwa wajinga, jamani.

Sasa katika shule hiyo palikuwa na Bi Kanga. Mnamjua kanga, yule ndege mwenye madoadoa meupe mwili mzima kama aliyenyunyiziwa unga. Na sauti yake mnaijua. Kekekeke! Kereke-kekeke! Miaka mingi Bi Kanga alikuwa kengele ya shule. Naam, kengele yenyewe. Asubuhi alipanda juu ya mwamba mrefu, akavuta pumzi, akaita: Kekekeke! Na watoto wa vilima vyote wakaacha uji wao, wakaja mbio. Hata konokono walikurupuka.

Lakini moyoni Bi Kanga hakutaka kuwa kengele. Alitaka kuwa mwalimu. Alitaka mpaka inamuuma. Akishaita watoto, alijibanza nyuma ya miamba akasikiliza masomo ya wenzake. Hesabu akaijua. Majina ya mito akayajua. Akajua jani gani linaponya tumbo na jani gani linaua. Akawa anawafundisha panzi. Anawafundisha kwanza, halafu anawala. Basi hakuwahi kupata mwanafunzi wa kuendelea naye.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa nzuri, watoto wakazaliwa wengi, madarasa yakajaa. Mwalimu Mkuu Twiga akamwita. Twiga ni mtu wa maneno machache, na hayo machache anayasema chini chini.

"Bi Kanga."

"Labeka, Mwalimu Mkuu!"

"Usipige kelele, niko hapa hapa."

"Samahani, Mwalimu Mkuu!" alisema Bi Kanga, kwa kelele vilevile.

Twiga akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Nakupa darasa. Watoto wapya wote ni wako. Lakini darasa bila kobe si darasa. Katafute kobe. Mwezi mpya ukiandama nitakuja kukukagua. Nikikuta kobe ametoa kichwa, darasa ni lako mpaka uzeeke. Nikikuta kichwa kimo ndani, watoto nitawagawa kwa walimu wengine, na wewe utarudi juu ya mwamba wako kuita."

Bi Kanga alirukaruka. Bi Kanga alicheka. Bi Kanga alilia pia, kidogo, akajifuta kwa bawa. Mwalimu! Yeye! Halafu akakumbuka ule mwamba mrefu, upepo wake, na kukaa peke yake huko juu wenzake wakifundisha chini. Akaogopa. Akasema moyoni, kurudi kule sirudi. Nitapata kobe ambaye kichwa chake hakiingii ndani kamwe.

Kesho yake akawachukua watoto wake, wakaenda kuchagua kobe. Palikuwa na Tumbili, mtundu wa watundu, mkia haumtulii. Palikuwa na Ngiri, ambaye mdomo wake ulikuwa unatafuna hata akiwa hana kitu cha kutafuna. Palikuwa na Digidigi, binti mdogo mwenye miguu kama vijiti, sauti yake ndogo mpaka ukiisikia unageuka kutafuta ametokea wapi. Na wengine wengi nyuma yao, wanasukumana, wanakanyagana.

Wakafika bondeni kwa Mama Kobe, mlezi wa makobe wote wa nchi ile. Uwanja ulikuwa umejaa makobe, wakubwa kwa wadogo, wanaota jua, wanakula, wanaongea mambo yao.

"Hodiiii!" akaita Bi Kanga. "Hodi wenyewe! Kekekeke!"

Fyu! Fyu! Fyu fyu fyu fyu! Uwanja mzima ukabaki magamba matupu.

"Hee," akasema Bi Kanga, "wamelala wote saa hizi?"

Mnacheka nini? Yeye hakucheka. Alikaa akangoja. Wakangoja, wakangoja, mpaka gamba moja kubwa likatikisika, na kichwa cha Mama Kobe kikatoka nusu.

"Karibuni," akasema Mama Kobe. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Basi nimesikia vibaya. Nilidhani ni msiba."

Bi Kanga akaeleza haja yake. Mama Kobe akafurahi, kwa sababu anayechagua kobe wa kwanza anahitaji kuambiwa mambo, na Mama Kobe alipenda kuambia watu mambo.

"Mtazame macho," akasema. "Macho yawe safi, yasiwe na matongo. Mpe jani uone anavyokula. Mnyanyue, uzito wake ujae mikononi mwako. Halafu ulizia tabia yake. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau."

"Tumesikia, mama, tumesikia!" akasema Bi Kanga. Hakuwa amesikia.

Wakaletewa makobe watatu.

Wa kwanza aliitwa Mng'aro. Gamba lake lilipakwa mafuta, ukisogea unajiona uso. Tumbili akajiona, akajitolea ulimi, akapiga kelele: "Mwalimu, huyu! Huyu ni kioo!"

Wa pili aliitwa Zito. Mkubwa, mpole, anatafuna. Tafu, tafu, tafu. Anamtazama kila mtu kwa tabasamu. Ngiri hakumpenda. "Mwalimu, huyu anakula sana. Tuchukue asiyekula, majani yake nitayatunza mimi."

Wa tatu alikuwa kobe mdogo wa kike, mviringo, gamba la rangi ya udongo. Jina lake Kijaluba, kwa sababu alijifunga tap! kama kile kisanduku cha bibi cha kutilia tambuu. Kwa kweli hawakumwona vizuri. Tumbili alipojitolea ulimi kule kwenye kioo chake, Kijaluba alikuwa ameshaingia ndani.

Digidigi akachuchumaa karibu naye. "Mimi nampenda huyu," akasema.

Nani alimsikia? Hakuna.

"Watoto!" akaita Bi Kanga. "Kobe wetu lazima awe shujaa! Asiogope kitu! Pigeni kelele tuone!"

Enyi wazazi, mmewahi kuwaambia watoto wapige kelele? Hawaulizi mara mbili. Tumbili alipiga mawe, ko ko ko! Ngiri aliguna, grooo! Wengine walikanyaga chini, tim! tim! tim! Na Bi Kanga mwenyewe, mwalimu mzima, akanyoosha shingo: Kekekeke! Kereke-kekeke!

Mng'aro, fyu! Ndani.

Kijaluba alikuwa ndani tangu zamani.

Zito? Tafu, tafu, tafu. Kichwa nje. Tabasamu lile lile.

"Huyu!" akasema Bi Kanga. "Huyu ndiye kobe!"

"Ngoja, mwanangu," akasema Mama Kobe, "huyo Zito ana..."

"Asante, mama, tumeshachagua!"

"Lakini nilitaka kukwambia kwamba..."

"Tumeshukuru sana, mama! Kwaheri! Kekeke!"

Na Mama Kobe, masikini, akaingiza kichwa ndani, maneno yake yakaingia nacho.

Wakamnyanyua Zito juu juu wakaimba njia nzima:

*Tunaye, tunaye,*
*kobe wetu tunaye,*
*haogopi, hajifichi,*
*tunaye, tunaye!*

Imbeni na nyie. *Tunaye, tunaye!* Ehee. Waliimba hivyo mpaka shuleni, na Zito huko juu mabegani anatafuna tu.

Basi masomo yakaanza. Yakaanza? Tuseme kelele zikaanza. Mkono wa Tumbili uko kwenye sikio la Ngiri. Ngiri anapiga yowe. Huku wanapigana vikumbo, kule wanarushiana kokwa. Bi Kanga anafundisha kwa kukaza sauti ili ashinde zao, nao wanakaza zao ili washinde yake. Na kila Bi Kanga akitupa jicho pembeni, anamwona Zito. Kichwa nje. Tafu, tafu, tafu.

"Kichwa kiko nje!" anasema Bi Kanga. "Somo linaendelea!"

Mwalimu wa darasa la jirani, Bwana Mhanga, akaja kuchungulia. Mhanga yule mchimba mashimo, masikio marefu, mtaratibu.

"Bi Kanga, jirani yangu, kobe wangu hajatoa kichwa tangu mje. Watoto wangu hawasomi."

"Wangu ametoa, Bwana Mhanga! Pole sana! Labda wako ni mwoga!"

Bwana Mhanga akaondoka zake. Akaenda kuchimba shimo, akafundishia humo.

Siku moja mawingu yakajaa kilimani. Pakawa giza. Mara radi: Tatataaa, PWAA! Watoto wote wakalala chini. Bi Kanga akajificha chini ya bawa lake mwenyewe. Mwamba ukatetemeka. Radi ikaisha, Bi Kanga akafungua jicho moja, akamtazama kobe wake.

Tafu, tafu, tafu. Kichwa nje.

Bi Kanga akamwendea. Akasimama nyuma yake. Akapiga bawa, pwa! Zito hakugeuka. Akaita jina lake. Zito hakugeuka. Akazunguka mbele, na Zito alipomwona akamkenulia kwa furaha kama mtu aliyekutana na ndugu. Ndipo Bi Kanga alipoelewa. Zito alikuwa hasikii. Hasikii radi, hasikii ngurumo ya simba, hasikii kitu. Hakuwa shujaa. Alikuwa ameishi kwenye ukimya wake, na dunia yote kwake ni majani matamu na nyuso za watu.

Sasa hapa, wasikilizaji wangu, Bi Kanga alikuwa na njia mbili. Mwezi ulikuwa karibu kuandama. Mwalimu Mkuu atakuja, atakuta kichwa nje, na darasa litakuwa lake mpaka azeeke. Nani atajua? Zito hatasema. Bi Kanga akatazama huku, akatazama huku. Akanyamaza nalo jambo lake. Nyie mngefanyaje? Wewe usijibu haraka, nakujua.

Asubuhi yake akamkuta Digidigi amefika kabla ya wenzake, ameinamia kichuguu, analia.

"Binti yangu, nani amekupiga?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Mama ameniuliza jani linaloponya tumbo. Mdogo wangu anaumwa. Amesema, wewe si unasoma? Nami sijui, Mwalimu. Naona mdomo wako unavyokwenda kila siku, lakini sijawahi kusikia somo hata moja."

Loo! Bi Kanga alisikia kitu kinamchoma kifuani. Somo la majani alikuwa amelifundisha! Alikuwa amelipigia kelele mpaka koo linauma! Akamwelekeza Digidigi jani lenyewe, akamwambia akimbie nyumbani kwa mama yake. Akabaki peke yake na kile kichuguu. Panzi nilikuwa nawala, akasema moyoni, na hawa watoto wa watu je? Hawa nawafanya nini?

Hakungoja. Akambeba Zito, akashuka bondeni.

"Mama Kobe," akasema, "kanga amerudi. Sikukuacha useme. Leo sema, nasikiliza."

Mama Kobe akatoa kichwa chote. "Nilitaka kukwambia Zito hasikii. Lakini ngoma anaijua! Inamwingia kwa tumbo, kupitia ardhini. Walimu wa ngoma wananililia kobe, kila ninayewapa anajifungia. Zito atafurahi kwao."

"Na yule mdogo?"

"Kijaluba? Yule anasikia mchwa akitafuna ndani ya gogo. Kwake yeye neno la kawaida ni kelele. Utamweza?"

Bi Kanga akaufikiria mwezi mpya. Akaufikiria mwamba mrefu. "Nipe huyo," akasema.

Zito akaenda kwenye ngoma, na siku hiyohiyo walisema anatikisa shingo. Kijaluba akaja darasani, amejifunga tap!

Darasa likakaa kumngoja atoke. Desturi ni desturi. Chaki chini.

"Nyamazeni!" akaita Bi Kanga.

Ndani.

"Tumbili, acha kugonga mawe!"

Tumbili akaacha.

Ndani.

"Ngiri, acha kutafuna!"

Ngiri akaacha. Kwa shida, lakini akaacha.

Ndani.

"Nyie huko nyuma! Nimesema nyamazeni! Kekekeke!"

Ndani, ndani kabisa.

Siku ikaisha bila somo. Siku ya pili ikaisha. Watoto wakachoka kukaa bure, wakaanza kunyamaza wenyewe, mmoja mmoja, maana walitaka sana kumwona huyu kobe ana uso gani. Tumbili akaukalia mkia wake. Ngiri akajifunga mdomo kwa jani la mgomba. Darasa zima likawa kimya. Ukimya ukaenea mpaka ukasikia upepo unapita juu ya mwamba, shuuu.

Gamba likatikisika. Pua ikatoka, ndogo. Jicho likatoka, safi, jeusi. Nyo, nyo, nyo, kichwa kinakuja...

"Ametoka!" akapiga kelele Bi Kanga. "Ametoka, watoto! Kekekeke!"

Fyu!

Watoto wakatazamana. Ngiri akamtazama Tumbili. Tumbili akatazama juu mawinguni. Wote walikuwa wameelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kusema. Nani atamwambia mwalimu?

"Nani amemwogopesha?" akauliza Bi Kanga kwa hasira. "Nani? Tumbili, ni wewe!"

"Mwalimu, naapa, nimekalia mkia!"

"Ngiri!"

"Mmm-mm," akasema Ngiri ndani ya jani.

Digidigi akasimama. "Mwalimu," akasema, "samahani, Mwalimu. Usinichukie. Ni wewe."

"Mimi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ukisema nyamazeni, anaingia. Sisi tumeshanyamaza."

Bi Kanga akafura. Manyoya yakamsimama. Akafungua mdomo apige kelele ambayo ingesikika mpaka nchi ya jirani. Akamtazama Digidigi. Digidigi alikuwa amefumba macho anaisubiri. Bi Kanga akafunga mdomo. Akageuka, akaenda nyuma ya mwamba, akaketi. Aliona aibu. Miaka yote alijificha pale kusikiliza masomo ya wengine, na wale walimu aliowasikiliza, hakuna hata mmoja aliyekuwa anapiga kelele. Alikuwa amechukua masomo yao yote, akaacha namna walivyoyasema.

Akaanza kujifunza kuongea. Mnacheka tena? Jaribuni kuwa kengele miaka mingi halafu mseme polepole. Akaliambia jani: "Habari ya... KEKE!" Jani likadondoka. Akamwambia mchwa: "Hujambo, KEREKE!" Mchwa akaingia shimoni na ukoo wake wote. Akajaribu tena. Akabana koo, ikatoka sauti kama ya mlango mbovu, kwiii. Akajaribu tena, na tena, na tena. Siku iliyofuata alijaribu na panzi. Alimfundisha panzi majina ya mito, taratibu, na panzi hakuruka. Bi Kanga akafurahi mpaka akasahau kumla.

Mwezi ukaandama.

Asubuhi hiyo Bi Kanga aliingia darasani akasema, "Hamjambo watoto." Hivyo tu, kama mtu anayeongea na aliye karibu yake.

"Hatujambo, Mwalimu," wakajibu, na wao chini chini, kwa sababu walishangaa.

Wakasogea mbele wasikie. Hata Tumbili akasogea. Kijaluba akatoa pua, akatoa jicho, akatoa kichwa. Bi Kanga alimwona. Koo likamwasha. Akameza. Akaanza somo la majani, polepole, jani moja moja.

Wakati huohuo, Ngiri akasikia kitu kinamtekenya puani. Akajizuia. Akajizuia. Akakamata pua kwa kwato zote mbili. Wapi!

HAAA-PCHYAAA!

Vumbi likaruka. Fyu! Kijaluba ndani.

Na palepale kivuli kirefu kikaanguka juu ya kichuguu. Bi Kanga akainua macho. Juu ya mwamba palikuwa na shingo, na juu ya shingo palikuwa na Mwalimu Mkuu Twiga, anatazama. Anatazama gamba. Gamba limejifunga.

Watoto waliona na wao. Digidigi akaanza kulengwalengwa na machozi. Ngiri alikuwa amejikunja, ameziba uso, anangoja matusi yake. Na Bi Kanga, nawaambieni kweli, kelele ilikuwa imeshafika hapa, kooni. Ngiri! Umeniua, Ngiri! Umenirudisha mwambani! Yote hayo yalikuwa yamepanga mstari kwenye ulimi.

Bi Kanga akavuta pumzi. Akamsogelea Ngiri. Akamwekea bawa begani.

"Afya, mwanangu," akasema taratibu. "Umepona?"

"Nimepona, Mwalimu," akanong'ona Ngiri.

"Haya. Tungoje."

Akaketi chini katikati ya watoto wake, akangoja nao. Hakumtazama Mwalimu Mkuu. Hakumtazama hata kobe. Alimfuta Ngiri vumbi usoni. Akamfunga Digidigi uzi uliofunguka kwenye mfuko wake. Wakakaa hivyo. Shuuu, upepo. Shuuu.

Nyo. Pua ikatoka. Nyo, nyo. Jicho. Kichwa. Shingo yote, mpaka mikunjo yake mnaiona. Halafu mguu mmoja. Halafu mguu mwingine. Kijaluba alisimama. Watoto hawakupumua. Kijaluba akatembea, mdogo mdogo, akapita kwenye mkia wa Tumbili, akapita kwenye kwato za Ngiri, akafika mbele ya Bi Kanga. Akakaa, kichwa nje, anamtazama usoni, anangoja somo liendelee.

"Basi tulikuwa tumefika wapi?" akauliza Bi Kanga. Sauti yake ilitetemeka kidogo, lakini haikupanda.

"Jani la tumbo, Mwalimu," akasema Digidigi.

Somo likaendelea mpaka likaisha. Lilipoisha, shingo ikashuka kutoka juu ya mwamba, ikashuka, ikashuka, mpaka uso wa Mwalimu Mkuu Twiga ukawa karibu na uso wa Bi Kanga.

"Nimechelewa kufika," akasema Twiga. "Nimepita hapa asubuhi nikapitiliza, nikadhani darasa hili halina watu. Nimelitafuta shule nzima. Hiyo chafya ndiyo imenionyesha mlipo."

Ngiri akainua kichwa.

"Bi Kanga," akasema Twiga, "watoto ni wako."

Tumbili akafungua mdomo ashangilie. Akamtazama Kijaluba. Akaufunga. Darasa zima likashangilia kwa mikia tu, na Bi Kanga akalia mbele yao wote, bila kutoa sauti, na hakujificha.

Na nyie mlionisikiliza, wakubwa kwa wadogo, ngano hii inasema hivi: anayetaka wenzake watulie, aanze kutulia mwenyewe. Ukimpigia mtoto kelele anyamaze, umemfundisha kelele. Mama unayenitazama hivyo, sikukutaja jina.

Hadithi yangu imeishia hapo, imekaa chini na haina la kuongeza. Aliyelala aamshwe akalale kwake.